Namba Sio Ugonjwa: Tuandike Potasiamu ya Juu Ikaeleweka

Habari zenu ndugu zangu, madokta, manesi, watu wa maabara, na nyie makoda wenzangu, watu wa kugeuza maandishi ya faili kuwa misimbo ya magonjwa, mnaoshinda na mafaili mpaka macho yanauma. Niliombwa niongelee potasiamu ya juu kwenye damu, inaandikwaje kwenye faili na inapewaje msimbo, na nilikubali hapo hapo kwa sababu hili jambo watu wanalichukulia la makaratasi tu, wakati nyuma ya hayo makaratasi kuna moyo wa mtu.

Naanza na mstari ambao kila koda hapa ameshakutana nao. "K 6.8", yaani potasiamu 6.8, halafu mshale wa kwenda juu, halafu "ametibiwa". Basi. Mgonjwa amepewa kalsiamu kwenye mshipa, amepewa insulini na glukosi, amepigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, watu wamehangaika naye usiku kucha, lakini kwenye faili kuna herufi moja, namba moja na mshale. Mimi koda nikifika hapo siwezi kuweka msimbo wa haipakalemia, yaani potasiamu kuzidi kwenye damu, hata kama naujua kwa kichwa, hata kama dawa zote alizopewa zinapiga kelele kwamba ni haipakalemia. Siruhusiwi.

Najua madokta wengi hapa mnakereka mkisikia hivo, manake mtu anasema lakini namba si hiyo hapo, kila mtu anajua kawaida ni kama 3.5 mpaka 5.0, sasa 6.8 itakuwa nini kama sio haipakalemia? Naelewa. Ila mwongozo wa kutumia ICD-10-CM, ile orodha ya misimbo ya magonjwa wanayotumia Marekani, umesema wazi kuhusu mgonjwa aliyelazwa kwamba majibu ya vipimo yasiyo ya kawaida hayapewi msimbo mpaka anayemtibu aonyeshe kwamba yana maana kwa mgonjwa huyu. Kama majibu hayako sawa na daktari ameagiza vipimo zaidi au ametibu, koda ana haki ya kuuliza, lakini hana haki ya kujaza mwenyewe. Na mshale nao sio utambuzi wa ugonjwa, mshale unaniambia tu namba imepanda, hauniambii daktari alifikiria nini.

Mimi natetea huo utaratibu kwa moyo wote, na sio kwa sababu ni sheria. Naitetea kwa sababu potasiamu ni kati ya vipimo vinavyodanganya sana.

Watu wa maabara hili wanalijua kuliko sisi wote. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili inakaa ndani ya seli, nje ya seli, damu ikiwemo, kuna kama asilimia 2 tu. Kwa hiyo seli nyekundu zikipasuka ndani ya sindano au ndani ya tyubu, ile potasiamu ya ndani inamwagika na mashine inasoma namba kubwa, wakati mwilini mwa mgonjwa kila kitu kiko shwari. Na kupasuka au kuvuja ni rahisi sana, umevuta damu kwa nguvu na sindano nyembamba, umetikisa tyubu badala ya kuigeuza taratibu, sampuli imekaa masaa mengi haijatenganishwa, au mtu kaiweka kwenye friji kabla haijatenganishwa akidhani anaitunza. Halafu kuna mpira wa kufungia mkono, umekaa muda mrefu na mgonjwa anaambiwa kunja ngumi, fungua, kunja, fungua, hapo misuli yenyewe inatoa potasiamu. Kuna tyubu ya zambarau yenye EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande, mtu kajaza hiyo kwanza au kamimina damu kutoka hiyo kwenda kwenye nyingine, na ile EDTA yenyewe imeungwa na potasiamu, ndo unaona potasiamu imepaa na kalsiamu imeshuka chini ajabu, hiyo ni alama ambayo mtu wa maabara akiiona anashtuka mara moja. Kuna mgonjwa mwenye chembe sahani nyingi mno, damu ikiganda kwenye tyubu zinaachia potasiamu. Kuna damu iliyotolewa kwenye mkono ule ule wenye dripu ya potasiamu.

Sasa fikiria koda anaruhusiwa kuweka E87.5, msimbo wa haipakalemia, kila akiona namba juu ya 5.5. Wagonjwa wangapi wangebeba ugonjwa ambao hawajawahi kuwa nao? Na ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi, manake kuna mtu moyo wake umechoka, anatumia losatani au lisinoprili au spironolaktoni, dawa zinazomuongezea maisha, halafu kwenye rekodi kunaonekana haipakalemia, anakuja daktari mwingine miezi mingi baadaye, anaona, anaogopa, anamwachisha dawa. Kumbe ilikuwa sampuli iliyopasuka. Hilo linaniumiza kweli, kwa sababu hakuna atakayejua. Mgonjwa atazidiwa polepole na hakuna atakayeunganisha na ile damu iliyovutwa vibaya.

Kwa hiyo kama ilikuwa ya uongo, iandikwe hivyo hivyo kwa maneno. "Potasiamu 6.8 ya kwanza sio ya kweli, seli zilipasuka kwenye sampuli, iliyorudiwa ni 4.4, hana haipakalemia." Sentensi moja. Hapo hamna E87.5, na yule daktari wa baadaye anasoma anaelewa anaacha dawa iendelee.

Na kama ni ya kweli je? Hapo nataka tukae kidogo.

Kwanza jina. Andika haipakalemia. Sio "shida ya chumvichumvi za damu", sio "elektrolaiti zimevurugika", kwa sababu ukiandika hivo unanipeleka kwenye msimbo wa jumla jumla ambao hausemi chochote. Ukiandika haipakalemia, au hata "potasiamu imezidi", nakwenda moja kwa moja E87.5. Huo msimbo ni ule ule kwenye ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani na kwenye ile ya Marekani. Na jirani yake, E87.6, ni potasiamu ya chini, haipokalemia. Mnaona zilivyo karibu? Tofauti ni herufi moja kwenye neno na tarakimu moja kwenye msimbo, na matibabu ni kinyume kabisa, mmoja unampa potasiamu na mwingine ukimpa unaweza kumuua. Kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya au umefupisha "haipo-K, haipa-K" tafadhali sana, andika neno lote na namba pembeni, namba na neno vikipingana koda anajua kuna kosa na anauliza.

Kichanga ni habari nyingine. Mtoto mchanga mwenye haipakalemia ya kipindi kile cha kuzaliwa haendi E87.5, anakwenda P74.3, na kwenye toleo la Marekani imegawanywa, P74.31 ni ya juu na P74.32 ni ya chini. Makoda wa wodi za watoto mnalijua, napita.

Pili, ukali. E87.5 yenyewe haina daraja, hakuna msimbo wa kali na msimbo wa kawaida, kwa hiyo kuna watu wanasema sasa niandike ukali wa nini. Andika. Mwongozo wa madaktari wa figo wa Uingereza unasema 5.5 mpaka 5.9 ni ndogo, 6.0 mpaka 6.4 ni ya wastani, 6.5 na kuendelea ni kali. Anayesoma faili kesho, akiwa nesi wa shifti inayofuata au mkaguzi wa bima au daktari wa hospitali nyingine, anataka kujua hii ilikuwa hali ya kupunguza dozi au ilikuwa hali ya kukimbia. Na ECG isomwe na isomeke. Sio "ECG imefanyika". Imefanyika ikaonyesha nini kwenye mchoro wa mawimbi ya moyo, yale ya P, QRS na T? Mawimbi ya T yamechongoka? P zimepotea? QRS imepanuka? Kama ilikuwa ya kawaida pia sema, kwa sababu ECG ya kawaida haimaanishi potasiamu iko salama, kuna wagonjwa wana namba kubwa na ECG imetulia halafu moyo unasimama ghafla, na ukiandika kwamba uliiangalia na ukaamua kutibu hata hivyo, hiyo ndo akili yako ya kitabibu imeonekana kwenye karatasi.

Tatu, na hapa ndo penyewe hasa, chanzo.

Potasiamu haipandi bure. Figo ndo zinatoa sehemu kubwa sana ya potasiamu ya mwili, karibu asilimia 90, kwa hiyo mara nyingi ukichimba utaikuta figo mahali fulani. Sasa figo gani? Figo iliyoumia ghafla ni N17, figo iliyochoka miaka mingi ni N18 na ina hatua zake, ya kwanza mpaka ya tano, na ile ya mwisho kabisa inayohitaji dayalisisi, yaani kusafishwa damu badala ya figo, kwenye toleo la Marekani ni N18.6 na juu yake unaongeza Z99.2 kwamba mtu anategemea dayalisisi. Usiponiandikia hatua, naishia N18.9, ya "haijatajwa", na mgonjwa aliyekuwa hatua ya nne anaonekana sawa na wa hatua ya pili. Kama alikosa dayalisisi ndo maana potasiamu imepanda, andika kwamba alikosa, na kama ana sababu andika sababu, mtu anaweza kuwa hakuwa na usafiri, anaweza kuwa alikuwa anaumwa kitu kingine, sio kila aliyekosa ni mkaidi na mimi sipendi kabisa kuona neno "mkaidi" kwenye faili la mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna watu wanasema ah, huyu ana figo sugu, potasiamu kupanda ni kawaida yake, imo humo humo. Hapana. Sio kila mwenye figo sugu ana haipakalemia, na haipakalemia yenyewe umeitibu peke yake, umeifuatilia peke yake, inastahili kuandikwa peke yake na inapata msimbo wake.

Dawa. Hapa tunapoteza habari nyingi mno. Dawa za presha na moyo za kundi la lisinoprili na enalaprili, kundi la losatani, spironolaktoni, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, kotrimoksazoli kwa sababu ya ile trimethoprimu iliyomo, heparini, na vidonge vya potasiamu vyenyewe. Kama unaamini dawa ndo imesababisha, nahitaji uandike neno la kuunganisha, "kutokana na", "imesababishwa na". Ukiandika haipakalemia mstari wa kwanza na "anatumia spironolaktoni" mstari wa tano, mimi siwezi kuzifunga pamoja kwa kudhani.

Na kuna swali moja dogo ambalo linabadilisha kila kitu, alitumia dawa kama alivyoandikiwa au la? Kama alitumia sawasawa na mwili wake ndo ukaleta hayo madhara, basi kwenye toleo la Marekani inaanza E87.5 halafu inafuata ya dawa, mfano T50.0X5A kwa spironolaktoni, T46.4X5A kwa kundi la lisinoprili. Ile 5 baada ya X ndo inasema ni madhara ya dawa iliyotumiwa vizuri. Kwenye ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani unatumia za Y, Y54.1 kwa kundi la spironolaktoni na Y52.4 kwa kundi la lisinoprili. Lakini kama alimeza dozi mbili kwa kusahau, au alichukua vidonge vya mtu mwingine, hiyo inaitwa sumu kwenye lugha ya misimbo, na mpangilio unageuka, msimbo wa dawa unatangulia na haipakalemia inafuata. Sasa mimi koda nitajuaje kama wewe hukumuuliza, au ulimuuliza ukabaki nayo kichwani? Muulizeni mgonjwa, muulizeni na anayemwangalia nyumbani, halafu muandike.

Nataka niwaonyeshe kwa nini hili sio la makaratasi tu. Mwaka 1999 ulitoka utafiti mkubwa unaoitwa RALES, ukaonyesha spironolaktoni ikiongezwa kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa vibaya inapunguza vifo kwa asilimia 30. Habari njema sana, madaktari wakaanza kuiandika kwa wingi. Baadaye watafiti wa Ontario kule Kanada wakaangalia kumbukumbu za wazee waliowahi kulazwa kwa moyo kushindwa na wanatumia dawa za kundi la lisinoprili, wakachapisha mwaka 2004. Wakakuta kulazwa kwa sababu ya haipakalemia kumepanda kutoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 mpaka 11.0 mwaka 2001. Na vifo vilivyohusiana nayo vikapanda pia, kutoka 0.3 mpaka 2.0 kwa kila 1,000.

Sasa jiulizeni walijuaje. Hawakwenda kitanda kwa kitanda. Walitumia kumbukumbu za hospitali na za dawa za mkoa mzima, yaani kuna daktari aliandika haipakalemia, kuna koda akaipa msimbo, mara moja, mara mia, mara elfu, mpaka ikaonekana kwamba dawa nzuri ikiandikwa kwa wingi bila uangalifu inaweza kuleta hatari. Wote wale wangeandika "K 6.8, mshale, ametibiwa", hiyo hatari isingeonekana na mtu yeyote. Kila nikifungua faili nakumbuka hilo. Yule koda wa Ontario hakujua kwamba anasaidia kugundua kitu.

Mtu ananiuliza kila mara, je hela? Niwe mkweli, kwa mfumo wa malipo wa Marekani E87.5 ikiwa ni ugonjwa wa ziada haiko kwenye orodha ya magonjwa yanayopandisha malipo ya kulazwa, tofauti na sodiamu ya chini au tindikali kuzidi kwenye damu ambazo ziko. Ikiwa ndo sababu kuu ya kulazwa ina kundi lake la malipo, sawa. Lakini mimi nafurahi kwamba haiongezi hela, kwa sababu inabaki kuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Koda anayeandika kwa kufuata hela anaharibu namba za watu wote.

Turudi wodini. Matibabu yaandikwe na saa. Kalsiamu glukoneti inakinga moyo ndani ya dakika chache lakini haishushi potasiamu hata kidogo, na nguvu yake inaisha kama dakika 30 mpaka 60, kwa hiyo "amepewa kalsiamu" bila saa hainisaidii mimi wala haimsaidii nesi anayepokea shifti, atajuaje kama ile kinga bado ipo? Insulini na glukosi zinaingiza potasiamu ndani ya seli, salbutamoli ya kuvuta nayo hivyo hivyo, lakini potasiamu bado imo mwilini, itarudi. Kinachoitoa kweli ni mkojo, ni dawa za kuinasa tumboni, ni dayalisisi. Hiyo tofauti ionekane kwenye maandishi, manake nimeona mafaili ambayo potasiamu imeshuka saa mbili baada ya insulini, imeandikwa "imepona", na baada ya masaa imepanda tena na hakuna aliyekuwa anasubiri.

Na insulini inashusha sukari, tena inaweza kushusha masaa kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshatulia. Andikeni sukari ilivyopimwa na saa zake. Ikishuka, hiyo nayo ina jina lake, kwa asiye na kisukari ni E16.0, sukari kushuka kwa sababu ya dawa, na unaongeza T38.3X5A ya insulini. Najua inauma kuandika kitu kilichotokea mikononi mwenu, lakini haisemi kwamba mlikosea, insulini ilikuwa lazima. Inasema tu kwamba kwa mgonjwa huyu ilitokea, na safari nyingine aangaliwe zaidi.

Nikiulizwa maandishi mazuri yanafananaje, kwangu ni kama hivi: "Haipakalemia kali, potasiamu 6.8, imerudiwa 6.7, sampuli safi. Imesababishwa na spironolaktoni aliyoitumia kama alivyoandikiwa, pamoja na figo kuumia ghafla baada ya kuharisha siku tatu. ECG ina T zilizochongoka, QRS ya kawaida. Kalsiamu glukoneti saa 8:10 mchana, insulini na glukosi saa 8:20, sukari kila saa kwa saa 6. Spironolaktoni imesimamishwa. Potasiamu irudiwe saa 10:20." Hayo ni maneno machache jamani, kwenye simu mnaandika zaidi ya hapo kila siku. Na kutoka hapo mimi napata E87.5, N17.9, T50.0X5A, bila kumsumbua mtu, na yeyote atakayelifungua hilo faili usiku wa manane anajua afanye nini.

Sasa nyie makoda. Tukikuta faili halijakaa sawa tunauliza, na kuuliza nako kuna adabu yake. Usimwandikie daktari "tafadhali ongeza haipakalemia". Huko ni kumwekea maneno mdomoni, na miongozo ya AHIMA na ACDIS, vyama vya watu wa kazi yetu kule Marekani, inakataza swali la kumwongoza. Mwekee ushahidi, "potasiamu 6.8 tarehe fulani, amepewa kalsiamu na insulini, ECG imesomwa hivi, naomba ueleze utambuzi unaohusiana na haya kama upo", halafu mpe chaguo zinazoingia akilini, haipakalemia, majibu yasiyo ya kweli ya sampuli, nyingine aandike mwenyewe, au haiwezekani kusema. Na akijibu kwamba ilikuwa ya uongo, ukubali moja kwa moja, hiyo ndo ilikuwa kazi ya swali lako.

Jambo la kukopi na kubandika, nalisema kwa uchungu. Haipakalemia ya siku ya kwanza inabandikwa siku ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka siku ya kuruhusiwa faili linasema mgonjwa ana haipakalemia kali wakati potasiamu ni 4.3 tangu juzi. Iandikwe "imeisha", na tarehe. Kwenye kliniki za nje ndo inazidi, inakaa kwenye orodha ya matatizo miaka na miaka kama vile ipo leo, wakati ilikuwa tukio la mara moja la kuharisha na dawa. Kama imepita ni historia, na historia ina misimbo yake ya Z, haihitaji kujifanya ugonjwa wa leo.

Kabla sijashuka, kuna maswali mawili yameletwa huku mbele.

La kwanza ni kuhusu ICD-11, kwamba imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, je haya yote hayatabadilika? Misimbo itabadilika kila nchi ikihamia kwa wakati wake, na ICD-11 ina uzuri wa kuunganisha misimbo pamoja kwa hiyo ugonjwa na dawa iliyouleta vinaweza kukaa kwenye mnyororo mmoja. Lakini mnyororo huo unahitaji mtu aliyeandika kwamba kitu fulani kimesababishwa na kingine. Kama hakikuandikwa kwenye ICD-10, hakitaandikika kwenye ICD-11.

La pili limetoka kwa nesi, anasema yeye ndo anayekuwepo pale, yeye ndo anapokea simu ya maabara, yeye ndo anaona moyo kwenye monita, je maandishi yake hayahesabiki? Dada, yanahesabika sana, ila kwa namna yake. Utambuzi wa ugonjwa hauwezi kuchukuliwa kwako, huo lazima utoke kwa anayemtibu. Lakini saa uliyopokea simu, nani alipiga, namba gani, ulimwambia nani na alijibu nini, mkono gani damu ilitolewa na kama kulikuwa na dripu kwenye huo mkono, sukari ulizopima, mgonjwa alisema anameza nini nyumbani, hayo mara nyingi yako kwenye karatasi zako tu na hayako kwingine kokote. Mimi nikiandaa swali kwa daktari, ushahidi wangu unatoka kwako. Na ukiona daktari ameandika mshale na namba halafu anaondoka, muite arudi aandike neno, kabla hajafika mlangoni.